Reli Ihamishwe, Ipelekwe Wapi?

Mtu akikaa Tanga siku chache, akaketi na wazee kwenye benchi la kahawa upande wa Ngamiani, hachelewi kulisikia swali hili: reli hii kwa nini isihamishwe ikapita nje ya mji? Atauliza mwendesha bodaboda aliyezunguka mbali kutafuta pa kuvukia. Atauliza mama mwenye mtoto wa shule, na mwenye nyumba aliyeona alama nyekundu ya X, ya kubomolewa, ukutani kwa jirani yake. Kijana aliyepanda treni ya umeme ya Dar es Salaam atauliza pia, maana anatamani mji wake nao upate kitu kipya. Huko Mombasa na Nairobi ndugu zetu wamelijadili kwa sauti kubwa zaidi, hadi maandamanoni na mahakamani.

Ni swali la haki. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asihangaike kuutafuta: kwa Tanga, reli iliyopo ibaki ilipo, na fedha ambazo zingetumika kuihamisha zijenge vivuko. Reli mpya ikija, wakazi waitwe mezani kabla kopo la rangi nyekundu halijafunguliwa. Sababu zangu ni hizi.

Asubuhi moja relini

Nilisimama kando ya reli mapema, saa ile wauza samaki wanapotoka ufukweni kuelekea mitaani. Reli yenyewe ni vyuma viwili vilivyolazwa juu ya mataruma, yaani zile nguzo za chuma, mbao au zege zinazovishikilia visiachane, na chini yake kuna kokoto. Kokoto hizo hazikuwekwa kwa ajili ya mguu wa binadamu. Zina ncha, zinateleza, zinakula ndara.

Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli haipandi kokoto. Mwenye kubeba mkaa alishuka, akaegemeza kifua kwenye usukani, akasukuma gurudumu la mbele hadi likagonga chuma cha kwanza. Akanyanyua. Akasukuma tena hadi cha pili. Akanyanyua tena. Nyuma yake wanafunzi watatu wenye sare waliruka kama mbuzi. Kisha akaja bibi mmoja mwenye beseni la samaki kichwani, mkono mmoja juu, mwingine ukishika kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Nilimsubiri avuke, nikamuuliza kama angependa reli ihamishwe. Alinitazama kidogo.

"Waihamishe waipeleke wapi? Na huko nako si kuna watu? Mie nataka ngazi tu. Goti hili."

Nimesoma maandiko mengi kuhusu mipango miji, na machache yameliweka jambo hili sawasawa kama lilivyowekwa asubuhi ile. Bibi yule ametofautisha mambo mawili ambayo mijadala yetu huyachanganya: reli kuwepo mjini, na watu kukosa pa kuivukia.

Nani alimkuta mwenzake?

Reli ya Tanga ndiyo kongwe kuliko zote Tanzania Bara. Ujenzi ulianza mwaka 1893 chini ya kampuni ya Kijerumani. Ulifika Muheza mwaka 1896, kampuni ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua kazi. Vyuma vikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18, kwa mikono na migongo ya vibarua. Arusha ilifikiwa mwaka 1929, na mwaka 1963, nchi ikiwa imeshajitawala, kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kikaiunganisha njia hii na Reli ya Kati.

Tanga yenyewe ilikuwapo kabla ya hapo. Ilikuwa bandari ya misafara, yenye Waswahili wake, misikiti yake na biashara yake. Lakini mji tunaouona leo ulipangwa baada ya reli kuingia. Ofisi, benki, maduka makubwa na nyumba za Wazungu vilikaa upande wa bahari. Waafrika wakapangiwa Ngamiani, ng'ambo ya reli, kwenye mitaa iliyonyooka ambayo mpaka sasa huitwa kwa namba. Mtu wa Tanga akikuelekeza kwake atakutajia barabara ya ngapi, na utafika.

Kwa hiyo reli ilitumika kama mpaka. Jambo hili lisemwe wazi, kwa sababu wanaodai ihamishwe wanalihisi hata kama hawalitamki: kila wakivuka, wanavuka mstari uliochorwa kumtenga babu yao. Hata hivyo, aliyeamua nani alale upande gani alikuwa mpangaji wa kikoloni mwenye kalamu. Chuma kilimfaa tu kama mstari uliokwisha kuwapo. Kuna miji mingi ya enzi ile iliyogawanywa vivyo hivyo kwa uwanja wa wazi, kwa barabara pana au kwa mto. Ukiing'oa reli ukaacha upande mmoja una lami, mitaro na taa, na mwingine hauna, mpaka utabaki palepale.

Reli hiyo imewahi kuamua hata vita. Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walishusha karibu na Ras Kazone jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka India. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kiasi cha 1,000, na wengi wao waliletwa kwa treni kutoka Moshi wakati meli za Waingereza zimekwisha kuonekana. Sehemu ya walinzi ilijipanga kwenye mkato wa reli, yaani mahali ardhi ilipochimbwa ili njia ipite tambarare. Waingereza walishindwa. Ndiyo maana nasema reli hii ni sehemu ya mwili wa mji, na upasuaji wake si wa kukurupuka.

Treni haikati kona kama bajaji

Watu wengi hudhani kuhamisha reli ni kama kuhamisha barabara: unachukua tingatinga, unazungusha njia kwenye mapori, kazi imekwisha. Treni ina masharti ambayo gari haina.

Kwanza mwinuko. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza kirahisi, na ndiyo sababu kichwa kimoja cha treni huvuta mzigo mkubwa kwa mafuta kidogo. Utelezi huohuo huizuia kupanda. Mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 50, ambao dereva wa gari hata hauoni, kwa treni ya mizigo ni mlima. Mfano mzuri uko mkoani humuhumu. Lushoto, juu kwenye milima ya Usambara, ilikuwa kituo muhimu cha utawala wa Kijerumani, Wajerumani wenyewe walipapenda kwa baridi yake, na bado reli haikupanda. Iliishia kupita chini, Mombo. Kutoka Mombo mpaka leo abiria hupanda gari na kuzungushwa kona za Usambara hadi kichefuchefu kimshike.

Pili kona. Treni ndefu haiwezi kugeuka ghafla, inahitaji mpindo mpana. Mpindo mpana maana yake ardhi nyingi, na ardhi kuzunguka mji haiko tupu. Ina mashamba ya minazi na mihogo, viwanja vilivyopimwa, makaburi, shule.

Tatu breki. Treni ya mizigo iliyo kwenye mwendo huhitaji mamia ya mita, pengine kilomita nzima, hadi isimame. Dereva akimwona mtu relini, mara nyingi amekwisha kuchelewa. Hii ni hoja ya kweli ya wanaotaka reli itoke mjini, na siipunguzi uzito. Ila ajali hutokea pale watu na treni wanapokutana, na wanakutana popote pasipo na kivuko salama, hata shambani.

Kwa kifupi: kuhamisha reli ni kujenga reli mpya yenye madaraja, matuta na fidia zake. Ile ya zamani haichukuliwi ikasogezwa.

Bandari haihami

Kuna miji ambayo reli hupita tu kuelekea kwingine. Mmojawapo ni Lafayette, jimbo la Indiana, Marekani. Kwa miaka mingi treni zilipita katikati ya Mtaa wa Tano, barabarani kabisa, mbele ya milango ya maduka. Wenyeji walilalamika, wakapanga, wakatafuta fedha, na mwaka 1994 treni zikaondoka mtaani kwenda kwenye ukanda wa kando ya mto Wabash. Ilikuwa kazi njema. Iliwezekana kwa sababu treni zile zilikuwa safarini, na pia kwa sababu stesheni ya abiria haikufukuzwa mjini.

Tanga ni tofauti. Hapa reli haipiti. Hapa ndipo inapoanzia, gatini. Na gati liko mjini.

Bandari hiyo imebadilika sana miaka ya karibuni. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari, yaani majahazi bapa ya kubebea shehena, kisha ukavutwa hadi nchi kavu. Serikali ikatumia zaidi ya shilingi bilioni 429 kuchimba kina kutoka mita 3 hadi 13 na kujenga gati lenye urefu wa mita 450. Sasa meli zinafunga gatini moja kwa moja. Mzigo utaongezeka, na mzigo ukishuka lazima uondoke kwa njia moja au nyingine.

Tufanye hesabu ya dukani. Tuseme treni moja ina mabehewa 20, kila behewa tani 40. Hizo ni tani 800. Lori likibeba tani 30, mzigo huo unahitaji malori 27. Ukiipeleka reli nje ya mji pasipo kuhamisha bandari, malori hayo 27 ndiyo yatakayoutoa mzigo gatini kuupeleka kwenye treni, yakipita kwenye barabara ambazo mtoto wa shule anavuka. Treni humzuia mtu dakika chache kisha ikaenda zake. Foleni ya malori hushinda hapo kutwa.

Mombasa na Miritini

Kenya ilipozindua reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi Mei 31, 2017, kituo cha Mombasa kiliwekwa Miritini, bara, nje ya kisiwa. Reli hii mpya ni ya kiwango cha kimataifa, yaani nafasi kati ya vyuma viwili ni milimita 1,435, wakati ile ya zamani ni mita 1. Wanakisiwa waliokuwa wamezoea stesheni katikati ya mji wakajikuta wanashuka kwenye jengo zuri, kisha wanatafuta matatu ya kuwafikisha nyumbani, na mizigo mkononi. Nairobi nako stesheni ilikuwa Syokimau, mbali na katikati ya jiji, na ikabidi abiria wapande treni ya zamani ya reli nyembamba ili wafike mjini. Reli kongwe ndiyo iliyomwokoa abiria wa reli mpya.

Kisha likaja la mizigo. Makontena yalipoelekezwa kwa lazima kwenye treni hadi Nairobi, wenye malori, makuli, mama lishe na wenye gereji wa Mombasa waliona riziki ikipita juu ya vichwa vyao. Waliandamana. Mwaka 2022 serikali mpya ikaliondoa agizo hilo. Kwa hiyo tukijadili njia ya reli tunajadili pia nani atauza chai wapi.

Kipande cha pili cha reli hiyo kinafundisha jambo chungu. Kutoka Nairobi kwenda Naivasha, njia ilipitishwa juu ya daraja la kilomita 6 hivi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Watetezi wa mazingira walikwenda kwenye baraza la kisheria, ujenzi ukasimamishwa kwa muda mwaka 2016, lakini daraja likajengwa. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba njia nyingine zingegusa makazi na fidia ingekuwa kubwa. Twiga hadai fidia. Na penye watu, njia huwa na tabia ya kumfuata yule asiye na hati. Hilo ndilo linalonitia hofu ninaposikia "ipite nje ya mji". Nje ya mji wa Tanga kuna watu ambao ardhi yao haijapimwa, na bibi yule mwenye samaki alilijua hilo.

Dar es Salaam walichagua vingine. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria Juni 2024 inaingia mpaka katikati ya jiji, jirani na stesheni ya zamani, na sehemu ya mwisho inapita juu ya daraja lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, magari na watu wakipita chini. Na tukumbuke mwaka 2012: foleni ilipowashinda watu, treni ya mjini, ambayo wananchi waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ilianza mara moja kwa kutumia reli za zamani. Kama reli hizo zingekuwa zimeng'olewa, hakuna waziri angeweza kuileta.

Rangi nyekundu ukutani

Treni za abiria za njia ya kaskazini zilipokoma miaka ya 1990, kando ya reli pakakua maisha. Watu walipanda mihogo, wakafungua vibanda, wakajenga. Mwaka 2019 treni ya mizigo ilipofika tena Moshi, na Desemba mwaka huo ya abiria kutoka Dar es Salaam, halafu Arusha Oktoba 2020, honi ziliamsha watu waliokuwa wamesahau kwamba pale ni njia.

Eneo la hifadhi ya reli ni ukanda wa ardhi pande zote mbili unaotengwa kwa usalama na matengenezo. Kipimo kinachotumika ni mita 15 kila upande mijini na mita 30 vijijini. Nyumba iliyoingia humo huwekwa X na huhesabiwa kuwa mvamizi, bila fidia. Reli mpya ikipita kwenye ardhi yako halali, hali ni nyingine kabisa. Sheria inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, na msomaji ajue ndani yake mna nini:

- thamani ya ardhi yenyewe, pamoja na nyumba, mazao na miti iliyomo;
- posho ya usumbufu;
- posho ya usafiri, inayokokotolewa kwa gharama ya kuhamisha tani 12 za mizigo umbali wa kilomita 20;
- posho ya malazi, ambayo ni kodi ya pango ya miezi 36;
- faida ya biashara iliyopotea, kama ulikuwa na biashara.

Malipo yakichelewa kupita miezi 6, yanadai riba. Nimekutana na watu waliosaini fomu ya uthamini bila kusomewa hata moja ya hizi. Mthamini akija kwako, mwombe akusomee kipengele kwa kipengele, na ubaki na nakala.

Ardhi itakayobaki nyuma

Hapa pana jambo ambalo wanaopigania kuhamisha reli hawalisemi sana. Reli ikiondoka, ukanda ule wa katikati ya Tanga, uliopakana na bandari na biashara, utakuwa ardhi ya thamani kubwa kuliko yoyote mkoani. Atapewa nani? Mkazi wa Ngamiani anaota bustani na soko la wazi. Mwenye mtaji anaona ghala, hoteli na maegesho ya malori. Bila mpango uliosainiwa kabla ya taruma la kwanza kung'olewa, najua ndoto ipi itashinda. Na ukuta wa ghala huvukika kwa shida kuliko reli.

Kuna mpango wa siku nyingi wa reli ya kisasa kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma kwenye Ziwa Victoria. Siku utakapoanza kutekelezwa, mambo ya kudai kwenye mkutano wa mtaa ni machache: stesheni ya abiria ibaki mahali mtu anafika kwa baiskeli, njia iinuliwe au ichimbiwe chini inapokata mitaa yenye watu wengi, ramani ibandikwe ofisi ya mtaa, kwa Kiswahili, kabla ya uthamini.

Kwa reli iliyopo hatuna haja ya kungoja. Kivuko cha waenda kwa miguu si mradi wa mabilioni. Ni zege iliyosawazishwa na kichwa cha chuma ili gurudumu la baiskeli lipite bila kunyanyuliwa, ngazi zenye mkono wa kushikia pale tuta linapoinuka, taa, na kengele au mlinzi saa za treni. Mahali pa kuviweka panaonekana kwa macho. Kokoto zimesukumwa pembeni na miaka ya nyayo, udongo mweusi umetokeza, na chuma pale kimeng'aa ubavuni kwa kusuguliwa na kandambili. Mhandisi aje saa moja asubuhi na kopo lake la rangi, awafuate wauza samaki, na safari hii alama aiweke hapo chini, wanapokanyaga.